Sahihi ya Ndiyo

Kijana mwenyewe aliitwa Ndiyo, na balaa lote lilianzia hapo. Siku aliyozaliwa, baba yake alimuuliza mkunga mlangoni kama mtoto atapona. Mkunga akajibu neno moja tu, na baba kwa furaha hakutafuta jina jingine. Akawa Ndiyo Mbwambo. Watu wa Kivindu walimtania tangu utotoni kwamba huyu hata ukimsingizia atakubali.

Sasa amesingiziwa, na amekubali. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya Chumba cha Mti, mikono katikati ya magoti, mama yake pembeni na mabunda ya vyombo yaliyokwisha fungwa. Ndani ya chumba, Naelijwa Mrutu alikuwa ameshika amri ya kumng'oa.

Naelijwa hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa fundi wa programu kama mafundi wengine wa mlimani, ila kidole chake gumba ndicho kilichokuwa ufunguo wa kung'oa, na tangu akabidhiwe dhamana hiyo alikuwa hajawahi kukitumia kwa kazi hiyo. Aliomba Mungu astaafu bila kukitumia. Sasa aliisoma ile amri kwenye kioo, akafika mwisho, akaanza tena juu.

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Senkoro, akaingia bila hodi.

"Bado tu?"

"Nasoma, Mwenyekiti."

"Amri haisomwi mara mbili, binti yangu, si barua ya posa. Wale wa kijiji cha Mrindi huko chini wanapanda mlima hivi tunavyoongea. Malango yao yamefungwa kiangazi hiki mpaka mbuzi wamekufa na mahindi yamekauka shambani. Nataka wakifika wakute neno limekwisha."

"Hapa imeandikwa ning'oe kila kazi iliyo na jina la Ndiyo. Si lile toleo bovu peke yake?"

"Kila kitu. Aliyewafungia watu maji asibaki na hata mstari mmoja ndani ya Mgawaji. Na zamu ya maji ya nyumba yao ifutwe. Sheria hiyo tuliitunga wenyewe, na wewe ulinyoosha mkono."

Kweli alinyoosha. Mvua zilikuwa zimeihama milima ya Upare tangu enzi za bibi yake, na maji yote ya kunywa, ya kuoga na ya shamba yalivunwa mawinguni kwa nyavu zilizotandazwa vileleni, yakashuka hadi kwenye ndiva, bwawa kuu lililorithi jina lake kwa mababu. Kutoka ndiva yaligawanywa na programu moja iitwayo Mgawaji, iliyofungua malango na kuyafunga. Ukicheza na Mgawaji umecheza na koo za watu. Ndiyo maana kila rekebisho, hata la herufi moja, lilihifadhiwa kwenye Mti, toleo juu ya toleo, tawi juu ya tawi, pamoja na alama ya mwenye kazi. Na kufutiwa zamu maana yake ilikuwa kushuka nyikani, kwenye vumbi, ambako waliowahi kushuka hawakuwahi kurudi kusimulia.

"Yeye mwenyewe amesema nini?" Naelijwa akauliza.

"Tumemwonyesha toleo bovu, chini yake pameandikwa Ndiyo. Tukamuuliza, hili ni jina lako? Akasema ndiyo. Unataka nini tena?"

Mzee Senkoro akakunja mikono kusubiri. Naelijwa akaona hana pa kukimbilia. Kabla ya kuweka kidole, akabonyeza kitufe cha Jaribio, ambacho humwonyesha fundi kitakachotokea kabla hakijatokea. Msimpe sifa ya busara. Alibonyeza ili kuchelewesha tu.

Kioo kikauchora Mti. Alitegemea kijitawi kimoja kule juu kigeuke chekundu, kwa maana Ndiyo alikuwa fundi mgeni, ndevu zenyewe hazijajaa. Kijitawi kikageuka chekundu kweli. Kisha na cha jirani yake. Kisha matawi makubwa yaliyoyabeba, kisha shina, wekundu unashuka na kushuka hadi karibu na mizizi, mpaka chumba kizima kikang'aa rangi ya nyanya.

"Nini hicho?" Mwenyekiti akasogea.

"Ni kazi ya Ndiyo."

"Ipi?"

"Yote, Mzee. Mgawaji mzima. Hata iliyofanywa kabla hajazaliwa."

Wakatazamana. Naelijwa ndiye aliyewahi kuelewa, akaurudisha mkono nyuma. Kama angeweka kidole, Mgawaji angerudi alivyokuwa siku zake za kwanza kabisa, enzi kuna wavu mmoja na lango moja. Lango kuu la ndiva, ambalo programu ile ya kale haikulijua, lingebaki wazi. Bwawa zima lingewashukia watu wa Mrindi huko huko njiani walikokuwa wakipanda na hasira zao.

"Mungu ni mkubwa," akasema taratibu.

Mzee Senkoro naye alijipangusa jasho kwa kofia yake. Lakini alikuwa mtu wa siasa, na mtu wa siasa akinusurika hutazama saa.

"Basi usiguse mengine. Chagua hilo toleo moja bovu, ling'oe, kijana afutiwe zamu, yaishe. Baraza ni alasiri. Mpaka hapo uwe umemaliza, na haya mekundu mekundu usimsimulie mtu."

* * *

Alipoondoka, Naelijwa alifanya jambo ambalo hakuna fundi wa Kivindu aliyekuwa amelifanya kwa miaka mingi. Aliteremka mizizini. Mafundi huishi kwenye matawi. Nani ana haja na toleo la babu yake? Wao walijua kwamba ukimaliza kazi unabonyeza Hifadhi, Mti unauliza neno moja, unajibu neno moja, unakwenda kunywa chai. Ulikoanzia Mti na jibu lao linakokwenda hawakujua, na hawakujua kwamba hawajui.

Alifungua ukurasa wa Msaada, ambao kwa vumbi lake ungeweza kuotesha mchicha. Humo akasoma kwamba zana za kuhifadhi matoleo ni za kale kuliko Mgawaji, kale kuliko nyavu za mawingu. Zilianza ng'ambo, zama kompyuta moja inajaza chumba, pale mafundi walipochoka kupoteza kazi nzuri ya jana kwa makosa ya leo. Za mwanzo zilihifadhi tofauti tu, mstari ulioingia na mstari uliotoka. Tena zilifungia watu nje: fundi mmoja akishika faili, wengine wote wanasubiri, kama choo cha nyumba ya kupanga. Baadaye zikaja zilizompa kila fundi nakala yake nzima akaivuruge kwake, kisha matawi yakaunganishwa. Mti wa Kivindu ulikuwa mjukuu wa hizo.

Na alikuwepo mtu aliyeuleta. Toleo la kwanza kabisa lilikuwa na maneno yake: "Nimeitafsiri zana hii ili mafundi wa kwetu waitumie kwa lugha yao. Mahali inapotaka jina la mwenye kazi, nimeandika Sahihi." Chini yake, sahihi: Eliapenda Mshana.

Naelijwa akaisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaweka mkono mdomoni.

Sahihi. Neno hilo lilikuwa na maana mbili, na moja ilikufa bila mazishi. Zamani mtu alitia sahihi, yaani aliandika jina lake chini ya karatasi. Baadaye watu wakazoea kusema saini, kisha hata saini wakaacha, wakawa wanatambuliwa kwa macho na vidole. Sahihi ikabaki kuwa kitu kisicho na kosa. Kwa hiyo Mti uliuliza, "Nani?" na mafundi, kizazi baada ya kizazi, wakausikia unauliza, "Iko sawa?" Wakajibu ndiyo.

Aliupanda Mti taratibu, akisoma sahihi. Eliapenda Mshana. Eliapenda Mshana. Kangero Mfinanga. Kisha fundi fulani, aliyefundishwa haraka na mtu mwenye njaa ya kwenda kula, akaandika Ndiyo. Na baada ya hapo mafuriko. Ndiyo. Ndiyo. Ndio, kwa wale wavivu wa herufi. Mmoja aliandika "ndiyo kabisa." Mwingine, mnyenyekevu, "nadhani." Yupo aliyeandika "sana tu." Naelijwa akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa kicheko. Kijana wa watu alikuwa mtu pekee kati yao wote aliyekuwa amejibu swali, tena bila kujua.

Furaha ilimjaa. Kumbe hakuna ushahidi! Ndiyo wa toleo bovu anaweza kuwa fundi yeyote wa mlima mzima. Alitaka kukimbia nje kwenye benchi amwambie mama wa watu afungue vyombo vyake. Ila kwanza, kwa ukamilifu wa kazi, akafungua toleo bovu lenyewe alisome. Laiti asingelifungua.

Fundi anaweza kuacha ndani ya programu maneno ambayo mashine huyaruka, maneno ya kusomwa na watu tu. Wengi hawajisumbui. Katika toleo bovu, juu ya mstari uliofunga malango ya Mrindi, palikuwa na maneno haya: "Polepole hapa, mwanangu, pana utelezi."

Hapakuwa na haja ya sahihi. Maneno hayo alikuwa ameambiwa yeye mwenyewe, bega kwa bega, siku za kwanza za kujifunza kazi. Nusu ya mafundi wa Kivindu waliambiwa hayo hayo. Ni Mwalimu Yunisi tu aliyeandika hivyo, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumwiga.

Furaha ikamtoka. Mwalimu Yunisi alikuwa amemchukua Naelijwa msichana asiyejua kushika kitu, akamfanya mtu. Alimlisha wakati wa msiba wa mama yake. Akionyesha toleo lile barazani, kila mwenye macho atamsoma Mwalimu humo, na Mrindi watataka ang'olewe yeye. Mwanamke wa umri ule kushushwa nyikani ni kumzika bila kumwosha. Asipolionyesha, atasema nini? Kwamba sahihi haina maana? Mwenyekiti atajibu kwamba basi kijana aliyekubali mwenyewe abaki na kosa lake. Na njia ya tatu ilikuwepo, rahisi kama kulamba asali: kung'oa tawi moja, kunyamaza, na kumwacha Ndiyo aende zake. Hakuna atakayejua. Hata Ndiyo mwenyewe aliamini amefanya.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mtu kuadhibiwa ni jambo moja. Mtu kuishi maisha yake yote akiamini ameua mbuzi wa watu, hali hakuugusa mkia wa hata mmoja, ni jambo jingine. Alizima kioo, akatoka kwa mlango wa nyuma asije akakutana na macho ya kijana, akaenda kwa Mwalimu wake.

* * *

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda wewe. Kaa hapo, makande yanakaribia kuiva."

Mwalimu Yunisi alikuwa jikoni kwake, kanga kiunoni, anakoroga sufuria kama anayegombana nayo. Naelijwa akakaa kwenye kigoda. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mbali.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba Mti ukiuliza sahihi..."

"Unasema ndiyo, kama kazi iko sahihi. Kama haiko sahihi, unarudi unaitengeneza, husemi uongo. Hilo unaniuliza leo? Umeugua?"

"Ulikuwa unauliza jina."

"Nani?"

"Mti. Sahihi ni jina la mwenye kazi. Neno la zamani. Tangu enzi hizo unatuuliza sisi ni nani, na sisi tunaujibu ndiyo."

Mwalimu akamtazama. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akaegemea ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Jamani! Mti wa watu! Umetuvumilia! Ni kama mgeni anakuuliza waitwa nani, nawe unaitikia tu eeh, eeh." Akacheka tena, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Huyo kijana wa Mbwambo. Ndiyo. Wamemshika kwa sababu ya jina lake?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nimelisoma toleo lenyewe. Lina maneno ndani: Polepole hapa, mwanangu, pana utelezi."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Nilikuwa naziba mvujo," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. "Mgawaji alikuwa anapoteza maji usawa wa bomba la chini. Nikamwambia lango linalovuja alifunge. Kumbe Mrindi hawavujishi, wanakunywa. Amewaona wanakunywa akadhani wanavuja." Akakaa kwenye kigoda cha pili, kana kwamba mtu amemwekea mzigo mabegani. "Niliposikia wamekaukiwa nililia nao, Naelijwa. Sikujua nalilia kazi ya mikono yangu."

"Hukuwa na njia ya kujua."

"Niliiacha nikaenda kunywa chai. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa nayo." Akainua macho. "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Utamwambia nani?"

Naelijwa alikuwa amekuja akitegemea Mwalimu atamwambia la kufanya, kama zamani, na sasa akaona hilo ni kumkabidhi mtu kamba ajifunge mwenyewe. "Nikilionyesha toleo, watakusoma humo," akasema. "Nisipolionyesha, kijana anashuka. Na mimi, Mwalimu, siwezi kumwacha ashuke. Nimejaribu njia nzima kuja hapa, siwezi. Nisamehe."

Mwalimu Yunisi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alipakua makande kwenye bakuli, akamwekea mbele. "Kula kwanza. Mwenye njaa hasemi kwa mpangilio." Na Naelijwa alipomaliza, akaambiwa tu: "Nenda. Kila mtu na kazi yake, na mimi nina sufuria ya kuosha."

* * *

Baraza lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Watu wa Mrindi walikuwa wamefika, midomo imekauka, wameketi upande mmoja bila kusalimia mtu. Mbele yao alisimama msemaji wao, Mama Kadeghe, mwanamke mfupi aliyepoteza mbuzi wake wote. Ndiyo na mama yake walikuwa kwenye benchi la mbele. Mwalimu Yunisi hakuonekana.

Mwenyekiti akamwita Naelijwa aseme kwamba kazi imekwisha. Naelijwa akapiga moyo konde, akawasha kioo cha ukutani.

"Kazi haijakwisha, Mwenyekiti. Amri niliyopewa ningeitekeleza ilivyo, saa hii tungekuwa tunaopoa maiti." Akawaonyesha Mti mwekundu. Akawaambia habari za Eliapenda Mshana na neno lake, akawapandisha toleo kwa toleo. Alipofika kwenye "nadhani" mtu mmoja nyuma akaguna. Alipofika kwenye "sana tu" ukumbi ukapasuka kicheko, hata wa Mrindi wawili watatu wakasahau hasira. Fundi mmoja mtu mzima aliinamisha uso magotini kwa aibu, na jirani yake akambonyeza ubavuni.

"Unatuambia," Mzee Senkoro akanguruma, "kwamba mafundi wetu wote hawajui chombo wanachokitumia?"

"Tulikijua kidogo, Mzee. Tulijua pa kubonyeza."

Mama Kadeghe akanyoosha mkono. Hakuwa akicheka. "Nimewasikia. Mnacheka vizuri. Sasa mnataka kutuambia kwamba mbuzi wangu hawakuuawa na mtu?"

Naelijwa alikuwa amefika pale alipopaogopa, na hapakuwa na pa kupitia pembeni. Alimtazama Ndiyo, ambaye hata sasa alikuwa ameinama kama mwenye hatia. Akalifungua toleo bovu, likajaa ukuta mzima, na yale maneno juu yake. Hakuyasoma kwa sauti. Hakuweza.

Mafundi wakayasoma kimoyomoyo. Mmoja baada ya mwingine wakashusha macho, watu wazima na mvi zao, na hakuna aliyefungua kinywa. Mzee Senkoro, ambaye zamani alifeli somo la programu mikononi mwa Mwalimu huyo huyo, akakohoa bila sababu.

"Mbona mmenyamaza?" sauti ikatoka mlangoni. "Someni kwa sauti. Niliandika ili yasomwe."

Mwalimu Yunisi alipita katikati ya watu, kanga ya jikoni bado kiunoni. Hakwenda mbele kwa Mwenyekiti. Alikwenda kwa Ndiyo, akamshika kidevu, akamwinua uso. "Wewe hukufanya kitu, mwanangu. Mimi ndiye. Unanisikia? Usiku ulale." Kisha akawageukia watu wa Mrindi, akawaeleza mvujo na lango na kiu yao iliyodhaniwa kuwa tundu, bila kujitetea, akamaliza, akasubiri.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa sheria hata pale sheria ilipomuuma. "Basi aliyefanya tumempata," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Naelijwa. Unajua amri."

"Sitaweza, Mzee."

"Huna ruhusa ya kukataa."

"Sijakataa. Nasema haiwezekani. Sheria inasema zamu ifutwe baada ya kazi yake yote kung'olewa kwa alama yake, si toleo moja la kuchagua. Sahihi yake ni Ndiyo, kama yangu, kama ya kila fundi aliye humu. Nikiweka kidole, ndiva inashuka. Kwa sheria hii hakuna mtu mlimani anayeweza kung'olewa tena."

Aliyasema hayo kwa uso mkavu, lakini moyoni alikuwa anacheza ngoma. Kosa la vizazi vizima la kutojua chombo chao lilikuwa limesimama mbele ya Mwalimu wake kama ukuta. Mzee Senkoro akaivua kofia yake, na wote wakaona mabega yake yakishuka. Naye alikuwa amenusurika na jambo ambalo hakutaka kulifanya.

"Basi Mrindi waseme," akamalizia. "Waliokauka ni wao."

Mama Kadeghe akasogea hadi mbele ya Mwalimu Yunisi.

"Ningewaambia mshusheni nyikani, ningepata nini? Mbuzi hawafufuki. Nyinyi wa juu mtatulipa mbuzi, hilo halina mjadala. Lakini nitawaambia kilichotuuma kuliko kiu. Siku zile tulipiga kelele, tukapanda, tukashuka, kila fundi anasema si mimi, si mimi. Mgawaji hana uso wa kuutazama. Hatukuwa na mlango wa kugonga." Akanyoosha kidole, si kwa ukali. "Huyu mama tupewe sisi. Aje akae kwetu, kando ya lango letu, anywe tunachokunywa. Likifungwa tena, tujue tunakwenda kwa nani."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nina kuku wanne," akasema. "Nao watakuja?"

"Waje," akasema Mama Kadeghe.

Vigelegele vilipoanza, watu walimgeukia Ndiyo wamnyanyue juu. Hawakuweza. Kijana alikuwa amekwisha lala pale pale kwenye benchi, kichwa kwenye mabunda ya vyombo, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyekesha akijihukumu. Mama yake akawafukuza wote kwa mkono, machozi yakimtiririka, na yeye akabaki akimpepea kwa ncha ya kanga mpaka jua likatua.

* * *

Naelijwa alilibadilisha lile neno kesho yake. Mti sasa ulimuuliza fundi, "Jina lako nani?" Mafundi kadhaa waliandika ndiyo hata hivyo, mazoea yana taabu. Waliitwa, wakachekwa, wakaandika upya.

Mwalimu Yunisi alihamia Mrindi wiki hiyo hiyo. Naelijwa alibeba godoro, Ndiyo akabeba kuku, na njia nzima wale kuku walimdonoa naye akicheka tu, kicheko kipya ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia. Walimpangia Mwalimu vitu vyake kwenye nyumba ndogo ya udongo karibu na lango. Kabla ya giza yeye na Ndiyo walikuwa wameketi pamoja na kuurekebisha ule mstari, yeye anasema, kijana anaandika, na Mgawaji akajifunza tofauti ya anayevuja na anayekunywa. Kila mmoja akaandika jina lake lote. Lango likafunguka, na usiku Mrindi walilala wakisikia maji.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, mlango ukagongwa kwa fujo. Mwalimu Yunisi akashtuka, kikombe kikamponyoka. Mwanamke aliyesimama bila kutetemeka mbele ya baraza zima, sasa alisimama katikati ya nyumba yake mpya akiogopa kwenda mlangoni. Naelijwa, aliyelala hapo usiku huo, akanyanyuka aende yeye, lakini Mwalimu akamzuia kwa mkono.

"Ni kwangu," akasema, na akafungua.

Nje alisimama mzee mmoja wa Mrindi, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu inachuruzika.

"Ndiwe Yunisi?"

"Ni mimi."

"Mama, hebu njoo uangalie," mzee akafoka. "Maji yamezidi. Yameingia mpaka jikoni!"